Chala, ziwa lisilo na mto

Ukitoka Taveta mjini, nchini Kenya, kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita chache tu, unapita mashamba ya mahindi na vichaka vya miiba, mlima Kilimanjaro ukiwa upande wako wa kushoto, na hakuna dalili hata moja kwamba unakaribia maji mengi. Hakuna mto wa kuvuka, hakuna mafunjo, husikii vyura. Vumbi ni lile lile la nyika. Unapanda mwinuko wa kawaida, kisha ghafla ardhi inakatika mbele ya miguu yako na unajikuta unachungulia shimo kubwa la mviringo lenye kuta za mwamba, na huko chini kabisa kuna maji ya samawati yaliyotulia tuli. Hilo ndilo Ziwa Chala. Moshi unaouona ukipanda kutoka ukingo wa pili ni moshi wa Tanzania.

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wenyeji waliwasimulia habari za boma la Wamaasai lililodidimia hapa pamoja na watu na mifugo yake, na kwamba ng'ombe bado husikika wakilia chini ya maji. Hadithi hiyo siidharau. Shimo lililojaa maji bila mto wa kuyaleta linadai maelezo, na boma lililozama ni jaribio la kwanza la kuyatoa. Jaribio la pili utalisikia hadi leo kwa madereva wa bodaboda na hata kwa watu waliosoma: maji haya ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka. La tatu linasema Chala ndilo mama wa chemchemi zote za Taveta, kwamba ziwa likiguswa tu, chemchemi zinakufa. Haya mawili ya mwisho yana chembe ya ukweli, ila chembe yenyewe imekaa mahali pasipodhaniwa. Kuipata, tunahitaji kwanza hesabu ndogo ya darasa la saba.

Deni la kila mwaka

Hesabu ya maji ya Chala ni nyepesi kuliko ya maziwa mengi kwa sababu ya umbo lake. Ziwa hili limekaa ndani ya kreta ya volkano, kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro upande wa kusini mashariki, mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta umelizunguka kama ukingo wa sufuria. Mvua inayonyesha nje ya ukingo inatiririka kwenda zake. Kuna kijito kimoja upande wa kaskazini magharibi ambacho mvua ikizidi hupenya ukingo na kumwaga maji ndani, lakini siku nyingi za mwaka ni korongo kavu.

Uso wa ziwa una kilomita za mraba 4.2. Mvua inayoanguka juu yake ni milimita 600 hivi kwa mwaka. Jua na upepo, kwa upande wao, huinua kutoka kwenye uso huo huo karibu milimita 1,700 kwa mwaka. Toa moja kwenye nyingine: kila mwaka ziwa lina deni la milimita 1,100, yaani mita moja na sentimita kumi. Kina chake ni zaidi ya mita 90. Kama mvua ingekuwa ndiyo mapato yake yote, mtoto aliyezaliwa Rombo, upande wa Tanzania, mwaka ziwa likiwa limejaa angeweza kuwahi, uzeeni, kutembea kwa miguu kwenye sakafu yake.

Badala yake ziwa lipo, na limekuwapo, kama tutakavyoona kwenye matope yake, kwa miaka isiyopungua laki mbili. Deni linalipwa, na anayelilipa haonekani. Maji yanaingia kwa chini, kupitia nyufa za mwamba. Hadi hapa hakuna la kubishania.

Fundo la kweli linaanza ukionja. Maji ya Chala ni baridi, yaani hayana chumvi. Watu wanayanywa, mifugo inayanywa. Na hili, kwa mtu anayeyajua maziwa ya Bonde la Ufa, ni jambo la kushangaza kuliko kukosekana kwa mto.

Maji yote yanayopita ardhini hubeba chumvichumvi kidogo iliyochumwa kwenye mwamba. Jua halibebi chumvi. Linachukua maji peke yake. Chemsha sufuria ya maji ya kisima mpaka yakauke, uongeze mengine, uchemshe tena, fanya hivyo mwezi mzima, halafu utazame ukoko mweupe uliobaki chini. Ndivyo yalivyopikwa maziwa ya Magadi na Natron, na ndivyo yalivyopikwa Eyasi na Manyara: maji yanaingia, hayana pa kutokea isipokuwa angani, na chumvi inabaki ikilimbikizana kizazi baada ya kizazi. Chala kwa macho ni sufuria ya namna hiyo hiyo, tena yenye ukingo mrefu kuliko zote hizo. Basi ukoko wake uko wapi?

Jibu ni moja tu linalowezekana. Sufuria imetoboka. Maji hayaingii tu kwa chini, yanatoka pia kwa chini, na yanapotoka yanaondoka na chumvi zake. Naivasha ni hivyo hivyo: ziwa lisilo na mto unaotoka, lakini maji yake ni matamu kwa kuwa yanavuja chini kwa chini. Kwa hiyo Chala, ziwa linaloonekana kufungwa kuliko yote, halijafungwa hata kidogo. Lililoko pale ni tundu, na kupitia tundu hilo tunayaona maji ya mlima yakiwa safarini.

Kutia alama kwenye maji

Kujua kwamba maji yanavuja ni jambo moja. Kujua yanavuja kiasi gani ni kazi nyingine. Huwezi kuweka mita kwenye ufa usioujua ulipo. Miaka ya 1960 mtaalamu wa maji B. R. Payne, wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alilichunguza Chala kwa njia ambayo mimi huiona kuwa na akili ya kiwindaji: badala ya kuitafuta njia ya mnyama, unamtia mnyama alama.

Alama yenyewe ni tritiumu, aina ya hidrojeni yenye mnururisho hafifu. Kwa kuwa hidrojeni ni sehemu ya maji yenyewe, tritiumu haielei wala haizami, inakuwa maji. Na ina saa yake ya ndani: nusu yake hupotea yenyewe kila baada ya miaka 12 na miezi michache. Ukijua ziwa lilikuwa na tritiumu kiasi gani mwanzoni, unaweza kukokotoa ni kiasi gani kinapaswa kubaki baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu. Ikipungua kuliko ilivyopaswa, basi kuna maji mapya yanayoingia kuizimua na kuna maji ya zamani yanayotoka nayo.

Hesabu aliyoichapisha mwaka 1970 ndiyo bado inayotumika. Karibu asilimia 80 ya maji yote yanayoingia Chala huja kwa njia ya chini ya ardhi. Na kila mwaka ziwa hupoteza, kwa kuvuja, takriban asilimia 2.5 ya ujazo wake. Ni kiasi kidogo, huwezi kukiona kwa macho ukikaa ukingoni hata miaka kumi, lakini kwa chumvi kinatosha na kubaki. Kuvuja huko ndiko kunakomwezesha mtu wa Chala kunywa maji yasiyo na magadi.

Msitu, si theluji

Sasa turudi kwa dereva wa bodaboda na theluji yake. Yuko sahihi kwamba maji yanatoka mlimani. Alipokosea ni kimo yanapoanzia mlimani.

Barafu ya Kilimanjaro ni kidogo kuliko inavyoonekana kwenye kalenda. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011 haikufika 2. Tena kule juu hewa ni kavu na jua ni kali kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu hiyo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Inayoyeyuka ikatiririka ni kidogo mno kulisha chemchemi za mlima mzima.

Shuka kutoka kwenye barafu hadi kwenye ukanda wa msitu, hapo ndipo penye ghala. Kwenye miteremko ya kusini msitu hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa mashariki, unaotazama Chala, ni pungufu ya hapo, lakini bado unaishinda kwa mbali ile milimita 600 ya ziwani. Juu ya mvua kuna ukungu: miti mirefu iliyovaa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu za mzee huunasa, ukadondoka matone. Na chini ya msitu kuna udongo wa volkano ulio kama sifongo, na chini ya udongo kuna tabaka za lava zilizopasukapasuka, na majivu, na lava tena. Maji yanazama humo na kuanza safari ya gizani kufuata mteremko. Kreta ya Chala imechimbika vya kutosha kukatiza baadhi ya njia zake.

Kwa hiyo anayelia kwamba theluji ikiisha Chala litakauka analia msiba usio wake. Akitaka kulia, atazame msumeno na moto. Msitu wa ukanda wa juu ukipungua, maji yatakayokosekana ni mengi kuliko yatakayokosekana barafu ya mwisho ikitoweka. Sielewi kwa nini habari za Kilimanjaro duniani zinahusu kofia ya mlima na si koti lake.

Jiolojia hii hii ndiyo inayoeleza jambo ambalo watu wa Rombo wanalijua kwa mabega: mlima una maji, lakini nyumbani hakuna. Upande wa kusini, kwa Machame au Kibosho, vijito vinapita juu ya ardhi, na Wachaga tangu zamani wamevichepusha kwa mifereji inayofuata mteremko hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Upande wa Rombo mwamba umemeza maji mengi kabla hayajawa kijito. Wanawake wanabeba ndoo wakitembea juu ya maji. Na ziwa lenyewe, ambalo lina maji ya kutosha kukufanya ushike kichwa, liko chini ya kuta ambazo mahali pengine zinazidi mita 100. Mfereji hauwezi kupanda ukuta. Maji ya Chala hayashuki kwenda shambani. Yanapaswa kupandishwa, na kupandisha ni pampu, na pampu ni umeme au dizeli. Ndiyo maana unaweza kukuta mahindi yaliyonyauka umbali wa kutupa jiwe kutoka ziwa lenye kina cha mita 90.

Muhuri wa jua

Swali la pampu ndilo linalotupeleka kwenye lile dai la tatu, la mama wa chemchemi. Kuzunguka Taveta kuna chemchemi nzuri kweli, na bila hizo kusingekuwa na ndizi zinazofurika kwenye soko la Taveta siku za Jumatano na Jumamosi. Hofu yenyewe ina mantiki: ziwa liko juu, chemchemi ziko chini, ziwa linavuja. Mtu yeyote angeunganisha mambo hayo matatu.

Kwa bahati maji yenyewe hutoa ushahidi. Kuna maji mepesi na maji mazito kidogo, kwa sababu oksijeni na hidrojeni zina aina nzito na nyepesi, ambazo wataalamu huziita isotopu. Maji yanapokaa juani, mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki nyuma. Ziwa linalopigwa na jua mwaka mzima, kama Chala, hugongwa muhuri: maji yake yana uzito ambao maji yaliyotoka msituni moja kwa moja hadi chini ya ardhi hayana. Muhuri huo haufutiki ukipita ardhini. Ukichota maji ya chemchemi na kuyapima, unajua kama yamewahi kukaa ziwani au la.

Chemchemi za Taveta hazina muhuri huo, au zinao kwa kiasi hafifu sana. Sehemu kubwa ya maji yake imepita kando ya Chala bila kulijua, ikitoka kwenye msitu ule ule kwa njia zake. Ziwa na chemchemi ni ndugu wa baba mmoja, wala si mama na mtoto.

Hiyo haina maana kwamba ziwa linaweza kuvutwa bila hesabu. Kila mita za ujazo milioni 4.2 zikitolewa, uso unashuka mita moja. Ukishuka, uvujaji nao hupungua, kwa hiyo ziwa linaweza kutulia kwenye kimo kipya. Lakini kupungua kwa uvujaji, kumbuka, ni kupungua kwa njia ya kutolea chumvi. Watakaolipa kwanza ni walio ndani ya ziwa lenyewe na wanaokunywa humo, kabla ya wenye migomba ya Taveta.

Maji yanayovuka mpaka mara mbili

Mstari wa mpaka unapita katikati ya ziwa. Nusu iko Kaunti ya Taita Taveta, nusu Mkoa wa Kilimanjaro. Asili yake ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyoelekeza mstari kutoka mdomo wa mto Umba, pwani, hadi Ziwa Jipe, kisha kuvuka mto Lumi, kupita katikati kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, kuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini na kwenda Ziwa Victoria. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa haina hati yoyote nyuma yake. Na mwaka 1886 Wilhelm hata hakuwa Kaisari bado. Mpaka ulipindishwa kwa mizani ya wafanyabiashara na wapiga ramani. Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka wakaishika Taveta, na Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliirudisha, yakipita na kwenye vilima vya Chala hapa hapa.

Wachora mstari walitaja mito na maziwa kwa sababu ndiyo waliyoyaona. Yaliyo chini hawakuyaona. Kilele cha Kilimanjaro na karibu msitu wake wote viko Tanzania, kwa hiyo mvua inayolisha Chala inanyesha Tanzania. Inazama Tanzania, inaibukia kwenye ziwa la nchi mbili, au kwenye chemchemi za Kenya. Mto Lumi nao unaanzia kwenye mlima upande wa Tanzania, unaingia Kenya, unapita karibu na Taveta na kumwaga maji Ziwa Jipe, ambalo nalo limekatwa na mpaka. Kutoka Jipe mto Ruvu unarudi Tanzania, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unakuwa Pangani, na kabla ya kufika bahari unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Taa inayowaka Tanga ina tone la maji lililowahi kuwa Kenya, lililowahi kuwa Tanzania.

Jipe anastahili makala yake. Ni ziwa tofauti kabisa na jirani yake: kubwa mara kadhaa kwa eneo, lakini kina chake hakifiki hata mita tatu sehemu nyingi, na kwa kuwa linalishwa na mto wa juu ya ardhi linapokea kila kitu ambacho mto unabeba, udongo wa mashamba ukiwa wa kwanza. Udongo unajaa, magugu ya majini yanaota juu yake, na mvuvi anasukuma mtumbwi kwenye matope. Chala halina tatizo hilo kwa sababu ile ile inayolifanya liwe fumbo. Mwamba unachuja, na ukingo wa kreta unazuia. Kenya na Tanzania zina hati ya maelewano inayoyaweka Chala, Jipe na mto Umba katika kapu moja, na ni sawa kisiasa, lakini dawa ya Jipe iko kwenye mashamba ya kingo za Lumi, na dawa ya Chala iko maili nyingi juu, msituni, upande mmoja tu wa mpaka. Kwa Chala, nchi moja ina bomba na nchi mbili zina kikombe.

Daftari la matope

Utulivu huo wa Chala umeleta faida ambayo hakuna aliyeitegemea. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na usiku kuwa baridi, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuvuruga ziwa hadi kina cha makumi ya mita. Mbolea iliyokaa chini huinuliwa juu. Diatomu, vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, vyenye magamba ya kioo, hustawi kwa wingi, hufa, na magamba yao hushuka sakafuni kama unga mweupe. Mvua zikirudi na upepo kutulia, kinachoshuka ni takataka za mimea, na tabaka linalofuata ni jeusi. Jeupe, jeusi, jeupe, jeusi: mwaka mmoja kwa kila jozi. Na kwa kuwa maji ya chini kabisa hayana oksijeni, hakuna mdudu wala konokono wa kufukua na kuchanganya kurasa.

Mwaka 2016 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ilitoboa sakafu hiyo kutoka kwenye jukwaa linaloelea, ikashuka karibu mita 215 ndani ya matope. Daftari lina miaka kama 250,000. Gawanya mwenyewe: ni pungufu ya milimita moja kwa mwaka.

Miaka ya upepo mkali na ukame huacha tabaka jeupe nene, miaka ya mvua nyingi huacha jembamba, na mfuatano huo unakwenda sambamba na El Niño na mwenzake La Niña, jambo ambalo mkulima wa vuli wa nchi hizi halihitaji kuelezwa. Mawimbi ya sauti yaliyopigwa chini ya ziwa yameonyesha pia kwamba katika enzi za ukame mkubwa uso wa maji uliwahi kushuka mno. Hilo ni la kuzingatia kwa anayedhani kwamba kulishwa kutoka chini ya ardhi ni bima. Mlima ukikauka, Chala hukauka nao, huchelewa tu.

Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliosoma miaka 75,000 ya matope haya, una jambo linalonisumbua zaidi. Zamani za barafu, joto lilipopanda katika Pembe ya Afrika, mvua iliongezeka. Lakini tangu dunia ilipoingia kwenye enzi yetu ya joto, kama miaka 11,700 iliyopita, uhusiano umegeuka: joto likizidi, nchi hukauka, kwa sababu uvukizi unakimbia kuliko mvua inavyoongezeka. Rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo, 600 dhidi ya 1,700, uone ni namba ipi itakayosogea.

Perege wa mlimani

Ndani ya maji haya kuna perege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1889 Albert Günther wa jumba la makumbusho la Uingereza alimchunguza samaki aliyeletwa kutoka Chala, akaona hafanani na jamii yoyote iliyokwisha kupewa jina, akamfungulia jamii mpya: Oreochromis, neno ambalo mwanzo wake kwa Kigiriki unahusu mlima. Samaki akawa Oreochromis hunteri. Miaka mingi baadaye wanasayansi walipopanga upya ukoo wa perege, samaki wengi walihamishiwa kwenye jamii hiyo, akiwemo sato wa Nile, Oreochromis niloticus, yule yule anayefugwa kwenye mabwawa kuanzia Kisumu hadi Mbeya na kukaangwa kila jioni kando ya barabara.

Mwenye jina mwenyewe yuko hatarini kabisa kutoweka, kwa daraja la juu zaidi la orodha ya kimataifa kabla ya kuhesabiwa kuwa hayupo tena porini. Miongo michache iliyopita watu walimwaga humo perege wengine, wakiwemo wa aina ya Korogwe, bila shaka kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Wageni wamezaana kando kando ya ziwa, kwenye mawe na maji ya kina kifupi, kule ambako hata perege wa Chala hulazimika kwenda kuzaa. Ukingo wa kreta uliweza kuzuia kila mto kwa miaka laki mbili na zaidi. Haukuwa umejengwa kuzuia ndoo.